Jinsi ya kusoma kaburi la zamani Uskoti na kujua jina la ukoo limetokea wapi

Baba mkwe wangu ana kikombe cha chai ambacho pale kwao hakiguswi na mtu mwingine. Kina picha ya paka pori kasimama kwa miguu ya nyuma na maneno yanayosema usimguse paka bila glavu, hiyo ndo nembo ya Clan Chattan, muungano wa koo za milimani kule kaskazini. Alikinunua duka la watalii Inverness, akaambiwa wewe si unaitwa Smith, basi huu ndo ukoo wako, akalipa, akarudi nyumbani ni mtu mwenye ukoo. Mimi ni mtu wa Korogwe nimeoa huku, siku ya kwanza kunywa chai pale nilisimuliwa huyo paka saa nzima na nikanyamaza, maana mkwe habishiwi.

Miaka kadhaa mbele tukaja kulipata kaburi la watu wao, jiwe la mwaka 1741 kwenye kanisa dogo huko Angus, na jiwe likaongea habari nyingine kabisa. Tangu hapo kila nikikutana na watu wetu naulizwa ulifanyaje, kuna waliooa na kuolewa huku, kuna Wakenya ambao baba wa babu yao alikuwa setla wa Kiskoti na wamebaki na jina tu, kuna na wale wanaopita Mackinnon Road wanajiuliza huyu Mackinnon alikuwa nani. Kwahiyo naandika mara moja niwe nawatumia hii.

Kitu kikubwa ni mpangilio. Watu wengi wanaanza na jina, wanaliandika kwenye simu, linawaletea ukoo, kitambaa cha rangi na ngome, wamemaliza. Geuza. Anza na jiwe, kutoka kwenye jiwe nenda kwenye makaratasi, jina liwe la mwisho. Ukianza na jina utapata hadithi nzuri ya watu ambao pengine hata si wako.

Kabla hujapanda basi

Angalia kwanza kama jiwe lilishanakiliwa. Kulikuwa na mzee John Mitchell na mkewe Sheila, walizunguka makanisa mkoa kwa mkoa wakiandika kila kaburi la kabla ya 1855, na baada yao vyama vya historia za familia vikaendelea na kazi, karibu kila mkoa una chama chake na vijitabu vyake. Usidharau hivyo vijitabu. Mawe mengi ya huku ni ya mchanga na jiwe la mchanga linabanduka tabaka tabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri, lililosomeka miaka hamsini iliyopita leo unaweza kukuta uso wote umedondoka kwenye majani, na ile nakala ya mzee Mitchell ndo imebaki peke yake. Sleti inashika herufi vizuri sana. Graniti iliyong'arishwa nayo haifutiki lakini hiyo ni ya juzi juzi, ilianza kusambaa baada ya mafundi wa Aberdeen kuanza kuing'arisha kwa mashine za mvuke miaka ya 1830, kwahiyo ukikuta graniti inang'aa na tarehe ya 1690 ujue wajukuu waliweka jiwe jipya baadaye, na waliandika walichokumbuka.

Alafu usidhani mchungaji ndo mwenye makaburi. Tangu sheria ya mwaka 1925 viwanja vingi vya makaburi ya zamani vya Kanisa la Uskoti vilihamia kwa halmashauri, kwahiyo ukitaka ruhusa ya kugusa chochote au kuuliza daftari la viwanja vya kuzikia ni halmashauri. Na jiwe lililoinama usiliegemee wala usimruhusu mtoto kulipanda. Mwaka 2015 mtoto wa miaka 8 alifariki Glasgow baada ya kuangukiwa na jiwe la kaburi. Simama pembeni.

Mwanga, na dhambi yangu ya brashi

Niseme ukweli, mara ya kwanza nilienda na brashi ya waya na chupa ya jiki. Nikaona jiwe limejaa ule ukungu mkavu wa kijivu na manjano, nikasema nasafisha dakika tano tu herufi zitoke. Nimepiga kama mara tatu hivi, akatokea mzee anatembeza mbwa, hakunigombeza, aliokota tu vumbi jekundu lililodondoka chini akanionyesha kwenye kiganja, akasema hiyo ilikuwa herufi. Sijawahi kusahau. Brashi ya waya, jiki, povu la kunyolea, unga wa ngano, chaki, vyote hivyo utavikuta watu wanashauriana, vyote vinaharibu, na ule ukungu ukiubandua unabanduka na ngozi ya jiwe.

Unachohitaji ni mwanga unaotoka ubavuni. Herufi iliyochongwa ikimulikwa usoni inapotea, ikimulikwa kutoka pembeni kabisa kila mfereji unatupa kivuli na maneno yanasimama kama uchawi vile. Makaburi mengi yamepangwa kufuata mashariki na magharibi, kwahiyo uso unaotazama mashariki usiufuate alfajiri jua likiwa limelielekea moja kwa moja, ufuate karibu na saa 6 mchana wakati jua linaukwepa, linapita linaukwaruza tu. Desemba ndo nzuri kuliko zote maana jua la huku halipandi, linatambaa chini siku nzima, tatizo ni kwamba saa 10 jioni giza limeshaingia na vidole huvisikii.

Kama hamna jua, na mara nyingi hamna, chukua mwamvuli mkubwa mweusi mwenzako aukinge, wewe weka tochi ya simu bapa kabisa na uso wa jiwe, piga picha tochi ikiwa kushoto, piga ikiwa kulia, juu, chini. Picha nne za sehemu ileile, kamera isisogee. Nyumbani zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, ongeza kontrasti mpaka mwisho, zifungue moja baada ya nyingine. Sisi namba 4 ya 1741 tuliiona kwenye picha ya tochi ya chini tu, nyingine zote ilikuwa inaonekana kama 1, tungekuwa tunatafuta watu wa 1711 mpaka leo. Kioo cha kujitazamia nacho kinafanya kazi, unamtuma mtu akae mbali juani aurushe mwanga. Na zunguka nyuma ya jiwe! Mawe ya Angus ya karne ya 18 mara nyingi yana maneno upande mmoja na picha upande wa pili, watu wanasoma mbele wanaondoka, utamu wote umebaki nyuma.

Herufi zenyewe

Mchonga mawe wa kijijini hakuwa na rula ya kutosha, nafasi ikiisha anakata neno katikati bila aibu, "DAUGH" mstari huu, "TER" mstari wa chini, au anaipandisha herufi iliyosahaulika juu kidogo kama mtu anayesahihisha mtihani. Anaunganisha herufi pia, T na H zinashirikiana mguu mmoja, H na E vilevile. I na J ni kitu kimoja, U na V kitu kimoja, kwahiyo "I S" inaweza kuwa James, John au Isobel. S ndefu inafanana na f. Ukiona "ye" hiyo y inasimama mahali pa th, ni "the" tu. "Heir lyes" ni hapa amelala. Kilatini hakikosekani kwa wenye hela na wachungaji, "hic jacet" ni hapa amelala, "obiit" ni alifariki, "aetatis" ni umri wake.

Tarehe zao zina unafuu mmoja. Waskoti waliuhamisha mwaka mpya kutoka 25 Machi kwenda tarehe 1 Januari tangu 1600, Waingereza walisubiri mpaka 1752, kwahiyo jiwe la Kiskoti la Februari 1690 ni 1690 kweli, huhitaji zile hesabu za miaka miwili.

Mama ndo ufunguo

Hapa tulia. Mwanamke wa Kiskoti zamani alikuwa haachi jina la kwao. Akiolewa anabaki na ubini wake kwenye makaratasi na kwenye kaburi, kama vile kwetu Mwanaidi binti Juma haachi kuwa binti Juma kwa sababu kaolewa. Kwahiyo jiwe litaandika jina la mume alafu "and his spouse" na jina kamili la mke, la kwao. Ukiona "relict" hilo ni mjane. Kwenye mawe ya zamani zaidi hakuna hata majina, kuna herufi nne tu, mbili kushoto mbili kulia, na mara nyingi ndo mume na mke, kila mmoja na ubini wake.

Letu lilikuwa hivyo. Kushoto I S, kulia M D. Ile S tulishajua ni Smith maana habari za familia zilikuwa zinapitia kijiji hicho, lakini Smith peke yake haikupeleki popote, ndo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Uskoti, ni sawa na kuingia Kariakoo ukaita Juma. M D ndo iliyotuokoa. Unatafuta ndoa ya Smith mwenye J na mwanamke M wa ubini wa D, parokia ileile, miaka kama ishirini nyuma ya 1741. Ikatoka ndoa moja. Moja tu! Mke wangu alipiga kelele maktaba tukaangaliwa.

Ukimjua mama, watoto wanapangika wenyewe kwa sababu ya utaratibu wa kurithisha majina. Mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Wa kike wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba, wa tatu mama. Si sheria, kuna watu hawakufuata, ila kwa mtu wa kwetu hii haihitaji maelezo marefu. Ukikuta mtoto wa pili wa kiume kaitwa jina geni kabisa, jaribu kumtafuta babu mzaa mama mwenye jina hilo.

Kazi, ardhi na mafuvu

Angalia neno dogo kati ya jina na mahali. Mtu akiwa "of" mahali fulani ardhi ni yake. Akiwa "in" mahali hapohapo ni mpangaji, analima ya mwinyi. Herufi mbili zinatenganisha tajiri na mkulima na watu wengi wanaziruka. "Portioner" ni aliyemiliki kipande cha shamba lililogawanywa, "wright" ni seremala, "cordiner" mshona viatu, na "writer" usije ukafurahi ukadhani babu alikuwa mwandishi, ni mwanasheria.

Kwa ambao hawakujua kusoma kazi ilichongwa kwa picha. Mkasi na pasi ni fundi cherehani wa enzi hizo, kisu chenye umbo la mwezi mchanga ni mshona viatu, chuma kile kinachokaa katikati ya jiwe la kusagia ni msaga nafaka, meno ya plau ni mkulima, nyundo yenye taji juu yake ni mhunzi wa chama cha wafua vyuma. Zile nyingine ni mahubiri, fuvu na mifupa iliyopishana, kisaa cha mchanga, kengele ya msiba, jeneza, sepetu, zote zinakwambia na wewe utakufa, na kile kichwa chenye mabawa ni roho inaondoka. Watu wa kwetu wakiona fuvu wanashtuka wanadhani ni mambo ya maharamia au ushirikina. Hapana, ni Wakristo wa kawaida kabisa wa karne ya 17 na 18.

Jiwe letu upande wa nyuma juu lina kichwa chenye mabawa, mashavu yamejaa kama mtoto anayepuliza moto, chini yake taji, chini ya taji nyundo. Kisaa cha mchanga kimelazwa ubavu. Fuvu chini limezama nusu kwenye majani, nililifikia kwa kupiga magoti. Nikalitazama lile taji na nyundo, nikamkumbuka paka.

Jiwe nalo hukosea

Msiliabudu. Mfano mzuri tunao wenyewe. Livingstone alipofia kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, moyo wake ukazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyekuwa amesomeshwa Nasik kule India, akachonga jina na tarehe kwenye mti, tarehe 4 Mei. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo, ukavuka bahari, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na jiwe la pale sakafuni linasema alifariki tarehe 1 Mei. Kaburi mbili, mtu mmoja, tarehe mbili, na wote walioandika walikuwa na sababu ya kuamini walichoandika. Sasa kama kwa mtu maarufu kiasi hicho imekuwa hivyo, mkulima wa Perthshire ambaye jiwe lake liliwekwa miaka thelathini baada ya kufa je. Kila tarehe ya jiwe itafutie karatasi.

Makaratasi

Tovuti ya serikali inaitwa ScotlandsPeople. Kutafuta kwenye faharasa ni bure, kufungua picha ya kumbukumbu yenyewe mara nyingi unalipia kwa krediti, kwahiyo tafuta sana kabla hujafungua.

Mwaka wa kukariri ni 1855. Kuanzia tarehe 1 Januari 1855 serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo nchi nzima, na cheti cha kifo cha Kiskoti ni kitamu sana kwa sababu kinaandika baba wa marehemu na mama wa marehemu pamoja na ubini wa mama. Hebu fikiria, bibi kizee aliyefariki 1860 ana miaka 80, cheti chake kinakutajia wazazi waliokuwa hai 1780. Umeruka miaka themanini kwa karatasi moja. Vya mwaka wenyewe wa 1855 vina mambo mengi zaidi, waliuliza maswali mengi mno mpaka wakachoka wakapunguza, ukibahatika kuwa na babu aliyekufa mwaka huo shukuru Mungu. Ila kumbuka aliyejibu maswali si marehemu, ni mtoto au jirani aliyetoka msibani, ubini wa bibi anaweza kuukosea.

Sensa ziko kila baada ya miaka kumi kuanzia 1841. Hiyo ya 1841 ina mtego, watu wazima umri wao uliteremshwa mpaka kwenye tano ya karibu, mtu wa 39 anaandikwa 35, na haisemi nani ni nani kwa nani ndani ya nyumba.

Kabla ya 1855 unarudi kwenye madaftari ya parokia. La zamani kuliko yote ni la Errol, Perthshire, linaanzia 1553, mengine yameanza miaka mia na zaidi baadaye, mengine yameliwa na panya. Ukimkosa mtu usikate tamaa haraka. Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na kodi ya peni tatu za Kiingereza kwa kila jina linaloandikishwa, maskini wakaacha kuandikisha. Wengine walikuwa wameshajitenga na kanisa kuu tangu 1733, na 1843 likapasuka vibaya zaidi, hao wako kwenye madaftari ya makanisa mengine. Na mazishi ndo yaliandikwa ovyo kuliko yote, kwahiyo mara nyingi jiwe ndo cheti pekee cha kifo utakachopata.

Ukishindwa kabisa soma mihtasari ya wazee wa kanisa. Wazee wale walikuwa wanamhoji binti aliyepata mimba bila ndoa mpaka amtaje mwanaume, wanaandika kila kitu, alafu wahusika wanakalishwa mbele ya usharika mzima Jumapili. Ukatili, ila ndugu yangu, kuna watu hawamjui babu yao isipokuwa kupitia hapo.

Sasa jina

Hapa ndo watu walitaka kuanzia. Majina ya Kiskoti mengi yanatoka kwenye vyanzo vinne, baba, kazi, mahali, au utani.

La baba ndo Mac, na Mac ni bin. Basi. Mac, Mc, M' yote ni kitu kimoja, hiyo hadithi kwamba Mc ni Muairishi na Mac ni Mskoti haina ukweli. Kwa Kigaeli, lugha ya watu wa milimani, mwanamke si Mac ni Nic, yaani binti. Na milimani kwa muda mrefu jina lilikuwa linabadilika kila kizazi kama kwetu, Juma Ali mtoto wake Ali Juma, visiwa vya Shetland walifika nalo mpaka karne ya 19. Kwahiyo ukirudi nyuma jina la ukoo linaweza kutoweka mkononi na hujakosea kitu. Kinachofuata Mac ndo utamu, Macintyre ni mwana wa seremala, MacNab mwana wa abate, MacTaggart mwana wa padre (usiulize), MacLeod ni mwana wa mtu wa Kinorwei aitwaye Ljót, maana wale Wavikingi walikaa visiwani karne kadhaa. Kusini wanasema -son, Thomson ni mwana wa Tam, na Waskoti wanaandika bila p. Yule Joseph Thomson wa Penpont aliyepita Umasaini ndo huyo tumemkata tukaita swala tomi. Ila Johnston yenye t si mwana wa John, inatokana na mahali, mji wa John, na wageni wanaichanganya na Johnson kila siku, yule mchora ramani Keith Johnston aliyezikwa Behobeho mwaka 1879 anakosewa mpaka leo.

Utani haukuwa na huruma. Campbell ni mdomo uliopinda. Cameron ni pua iliyopinda. Mtu mmoja alichekwa miaka mia nane iliyopita na wajukuu wanaivaa mpaka bungeni.

Tahajia isikubabaishe. Menzies inatamkwa Mingis, Dalziel inatamkwa Di-el, kwa sababu zamani kulikuwa na herufi moja inafanana na z, wachapaji hawakuwa nayo wakaweka z. Livingstone mwenyewe miaka mingi aliandika jina lake bila e ya mwisho. Na hilo jina lake nalo lina siri, Livingston ni mji karibu na Edinburgh, lakini babu yake alitoka kisiwa cha Ulva, mbali kabisa magharibi, kule ambako jina hilo la kusini walilichukua watu ambao kwa Kigaeli walikuwa na ubini mwingine. Ukifuata jina tu unafika mji ambao watu wake hawakutoka.

Na kubwa kuliko, jina linaweza kuwa la kulazimishwa. Nenda Balquhidder, kwenye uwanja wa kanisa kuna kaburi la Rob Roy MacGregor aliyefariki 1734, juu yake wameandika "MacGregor Despite Them", MacGregor wapende wasipende. Sababu ni kwamba mwaka 1603 jina MacGregor lilipigwa marufuku, kulitumia ilikuwa kuhatarisha shingo yako, likarudishwa 1661, likafungiwa tena 1693 mpaka 1774. Watu wakageuka Grant, Drummond, Murray, Graham, Rob Roy mwenyewe alijiita Campbell. Kwahiyo ukikuta Drummond wa pande zile kabla ya 1774 huwezi kuapa kuwa ni Drummond. Na upande wa pili mpangaji alichukua jina la mwinyi wake ili apate ulinzi, kwahiyo MacDonald mia si lazima wawe damu moja. Kamusi ya George F. Black ya 1946 itakupa maana ya jina na mahali lilipoonekana mara za kwanza kwenye hati, itazame, lakini itazame ukiwa tayari unajua watu wako walikuwa kijiji gani.

Haya, Smith. Duka la Inverness lina hadithi yake, mwaka 1396 watu thelathini walipigana na thelathini mjini Perth mbele ya mfalme, upande mmoja ukapungukiwa mtu, mhunzi wa mjini akajitolea kujaza nafasi, na eti ukoo wa paka wakamchukua, Smith wote ni wajukuu zake. Na kweli milimani mwana wa mhunzi yupo, ndo MacGowan, na wapo waliotafsiri wakawa Smith. Lakini kila kijiji kilikuwa na mhunzi. Yule wetu wa Angus hakuwa mtu wa milimani, alikuwa mtu wa tambarare, mwenye taji na nyundo kwenye kaburi lake, na kwenye daftari la ndoa kaandikwa kazi yake mhunzi, na baba yake aliyeandikwa kwenye ubatizo naye mhunzi. Hakuna paka hata mmoja.

Nilimpelekea baba mkwe Jumapili, picha ya tochi ya chini imechapwa kubwa, na nakala ya ndoa. Akavaa miwani, akasoma kimyakimya, akapitisha kidole juu ya ile nyundo mara mbili. Nikasubiri. Akanywa chai kwenye paka wake, akakiweka chini, akaniuliza, "Mwanangu, hii picha inaweza kuchapwa kwenye kikombe?"